Ukikarabati nyumba mashambani, anza na afya yako

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii huwarejea wengi wetu wakazi wa mijini kila Desemba inapokaribia. Paa la nyumba ya mama linavuja, mlango wa jikoni umeliwa na mchwa, choo cha shimo kimeinama upande mmoja na ua umeangushwa na ng'ombe wa jirani. Mfanyakazi wa Nairobi, Mombasa au Nakuru hupiga hesabu yake akiwa ndani ya basi: atanunua kilo mbili za misumari na mabati manane, ataazima ngazi kwa jirani, na kazi itakuwa imekwisha kabla ya Krismasi. Fundi wa nini, na mikono anayo?

Ni fikira njema. Kazi ya mikono huufaa mwili uliokaa kitini mwaka mzima, huokoa pesa na huwafurahisha wazazi. Lakini sisi madaktari tunaohudumu mijini tunaujua upande wake wa pili. Januari inapoanza, vyumba vyetu hupokea watu waliorudi kutoka mashambani wakiwa na vidole vilivyofungwa vitambaa, macho mekundu, migongo isiyonyooka na nyayo zilizovimba. Hao ndio waliobahatika kurudi kazini.

Mambo matatu huifanya kazi ndogo ya nyumbani iwe na hatari kubwa. La kwanza ni mwili wenyewe: mtu aliyeshika kalamu miezi kumi na mmoja hawi fundi wa paa kwa siku moja. La pili ni vifaa vya kuazima: ngazi iliyofungwa kwa kamba, nyundo inayochomoka kwenye mpini, nyaya za umeme zilizochubuka. La tatu, na ndilo zito kuliko yote, ni umbali. Jeraha ambalo mjini lingeshonwa baada ya nusu saa, mashambani huenda likasubiri hadi kesho yake, hasa siku za sikukuu ambapo gari ni shida na wahudumu katika kituo cha afya ni wachache.

Makala haya hayakusudii kumnyang'anya mtu nyundo. Yanakusudia kumsaidia msomaji azigawe kazi zake mafungu mawili: zile anazoweza kuzifanya mwenyewe akiwa na kinga, na zile ambazo ni heri alipe.

Sindano kabla ya safari

Tuanze na ugonjwa ambao watu huuogopa lakini hawauelewi: pepopunda. Wengi huamini kwamba unaletwa na kutu.

"Daktari, msumari wenyewe ulikuwa mpya, haukuwa na kutu hata kidogo," aliniambia mhasibu mmoja aliyeuchoma mguu wake alipokuwa akibomoa banda la kuku.

"Ndugu yangu," nilimjibu, "pepopunda haiko kwenye kutu. Iko kwenye samadi uliyokuwa umeikanyaga."

Viini vya pepopunda huishi katika udongo na katika kinyesi cha wanyama, na huweza kukaa humo miaka mingi vikiwa hai. Hupenda kidonda chembamba chenye kina, mahali ambapo hewa haifiki, na kidonda cha msumari ni cha namna hiyo hasa. Dalili huanza kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia. Maana yake ni kwamba mtu aliyechomwa na msumari tarehe 20 Desemba huenda akaanza kushindwa kufungua kinywa wakati amekwisha kurudi kazini na kidonda chenyewe amekisahau. Taya hukaza, kumeza huwa shida, shingo na tumbo hukakamaa, kisha misuli ya mwili mzima hukazana kwa maumivu makali kila mgonjwa anaposikia kelele au kuguswa. Hata katika hospitali kubwa yenye mashine za kusaidia kupumua, wagonjwa wengine hufa.

Kinga yake ni rahisi. Watoto huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Akina mama huchomwa tena sindano hii kliniki wanapokuwa waja wazito. Anayesahaulika ni mwanamume. Huenda mara yake ya mwisho kuchanjwa ilikuwa utotoni, naye sasa ana miaka 40 na yuko juu ya paa. Mtu mzima aliyekamilisha chanjo zake huhitaji sindano ya kuikumbusha kinga kila baada ya miaka 10. Akipata jeraha chafu na miaka 5 imepita tangu sindano ya mwisho, arudie. Asiyekumbuka kama aliwahi kuchanjwa ahesabiwe kuwa hajachanjwa, aanze upya: sindano ya kwanza, ya pili baada ya wiki nne na ya tatu baada ya miezi sita. Ikiwa ameumia na jeraha ni chafu, daktari anaweza kuongeza sindano ya kingamwili iliyo tayari, kwa sababu chanjo pekee huchelewa kufanya kazi.

Ukichomwa na msumari, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, lifunike kwa kitambaa safi, kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo. Usipake udongo, majani yaliyotafunwa, mafuta ya gari wala samadi. Kama msumari ulipita katika kiatu cha raba au malapa, mwambie daktari, kwa maana kipande cha raba huweza kubaki ndani ya unyayo na kuoza kimyakimya hadi mfupa unapopata ugonjwa.

Ngazi na paa

Kuanguka ndiko ajali inayowaumiza vibaya zaidi wakarabati wa likizo. Ngazi ina kanuni zake. Kwa kila mita nne za urefu inapoegemea, miguu yake iwe mita moja mbali na ukuta. Ikisimama wima zaidi ya hapo itakurudisha nyuma. Ikilala zaidi itateleza. Ncha yake ya juu ipite ukingo wa paa kwa karibu mita moja ili upate pa kushika unapotoka na unaporudi. Awepo mtu wa kuishika chini, na asiwe mtoto.

Mabati yaliyochoka hayabebi mtu. Kanyaga palipo na mstari wa misumari, kwa sababu hapo chini ndipo penye ubao. Usipande alfajiri bati likiwa na umande, wala mara baada ya mvua. Adhuhuri nayo bati huunguza viganja, na jua humlevya mtu aliyezoea kivuli cha ofisi. Kunywa maji mara kwa mara. Upepo ukivuma, usilishike bati jipya ukiwa juu, maana litakuwa tanga nawe utakuwa mlingoti. Anayenywa pombe anywe jioni kazi ikiisha, na kesho yake akiamka na kichwa kizito apake rangi ya ukuta chini, si ya dari.

Mtu akianguka, jambo la kwanza ni kutofanya haraka. Desturi yetu ni wanaume wanne kumbeba mmoja kwa mikono na miguu, au kumpakia kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Ikiwa mfupa wa shingo au wa mgongo umevunjika, kumkunja hivyo kunaweza kuukata uti wa mgongo na kumfanya apooze maisha. Mwacheni alale alipo. Mmoja akishike kichwa chake kisigeuke. Mgeuzeni mwili mzima kwa pamoja kama gogo, mmlaze juu ya mlango uliong'olewa au ubao mpana, mfunge asiteleze, na mtafute gari ambalo anaweza kulazwa ndani.

Aliyegonga kichwa na kuinuka akicheka naye asiachwe peke yake kwa siku nzima. Akitapika tena na tena, akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akizidi kusinzia, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, huenda damu inavuja ndani ya fuvu na kila saa ina thamani. Vivyo hivyo aliyeangukia ubavu wa kushoto na baadaye akasikia maumivu ya tumbo, kizunguzungu na jasho baridi: wengu huweza kupasuka na kutoa damu ndani bila ya kuonekana kidonda nje.

Kuhusu kukatwa na bati, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10 hadi 15 bila ya kufunuafunua. Damu ikitulia, jaribu kukikunja na kukikunjua kila kidole, kisha uguse ncha zake. Kidole kisichokunjika au kisichohisi kina kano au neva iliyokatika. Hicho hakitapona kwa bandeji. Chahitaji kushonwa na mpasuaji, na mapema. Kiungo kilichokatika kabisa kisitupwe. Kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu bila ya barafu kukigusa. Mwaka 2018 madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta waliuunganisha tena mkono wa kijana uliokatwa na mashine ya kukatia nyasi ya ng'ombe. Kazi kama hiyo haiwezekani kiungo kikifika kimeoza.

Umeme umefika, na hatari yake

Tangu mradi wa kusambaza umeme vijijini uitwao Last Mile ulipoanza mwaka 2015, nyumba nyingi zilizokuwa za taa ya koroboi sasa zina swichi ukutani. Furaha hiyo imekuja na tabia mbaya: kurefusha nyaya kutoka nyumba kubwa hadi jikoni kwa kuzipitisha juu ya matawi, kubandua waya kwa meno, na kuweka msumari mahali pa fyuzi iliyoungua. Umeme wa nyumbani ni wa volti 240, nao watosha kabisa kuusimamisha moyo, hasa wa mtu aliyekanyaga sakafu yenye maji akiwa peku.

Kubadilisha balbu ni kazi yako. Kuvuta nyaya mpya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Kabla ya kutoboa ukuta au kugusa soketi, zima swichi kuu, si ile ya chumba pekee, na mwambie kila mtu nyumbani asiiwashe. Ukibeba ngazi ya chuma au bati refu, tazama juu kwanza: waya unaotoka kwenye nguzo hadi nyumbani huwa karibu na paa kuliko unavyodhani.

Ukimkuta mtu amenaswa na umeme, usimguse. Zima swichi kuu. Ikiwa huwezi kuifikia, simama juu ya kitu kikavu kisichopitisha umeme na umsukume kwa mti mkavu. Haya yahusu nyaya za ndani ya nyumba tu. Waya mkubwa wa barabarani ukianguka, kaa mbali na upige simu. Akiwa hapumui, anza kukikandamiza kifua chake katikati kwa viganja viwili, kwa nguvu, kifua kizame kama sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na usiache mpaka msaada ufike. Aliyezimia kwa umeme kisha akazinduka, hata kama anaonekana mzima, apelekwe hospitali moyo wake upimwe.

Simiti na macho

Watu huiona simiti kama udongo wa kijivu. Ukweli ni kwamba ikichanganywa na maji huwa kali mithili ya magadi makali yanayochoma ngozi. Ubaya wake ni kwamba haiumi papo hapo. Mtu hupiga magoti juu ya sakafu mbichi saa mbili nzima, suruali ikalowa, na ni jioni anapooga ndipo huona magoti yamebabuka na mengine yamekuwa meusi. Hayo ni majeraha ya kuungua, na hufika chini sana ya ngozi. Vaa gambuti na glavu za raba, weka gunia nene au kipande cha ubao chini ya magoti, na ukilowa vua nguo mara moja na uoshe kwa maji mengi. Mifuko yenyewe ni ya kilo 50. Mwenye mgongo wa ofisini asiibebe begani. Aipakue nusu nusu kwa karai, au aikokote kwa toroli.

Simiti au chokaa ikiingia machoni, dakika ya kwanza huamua. Usikimbilie gari kwanza. Mlaze mtu chini, mfumbue macho kwa vidole na ummiminie maji safi kwa jagi kwa dakika 30 bila kukoma, ukigeuza kope la juu ili chembe zilizojificha zitoke. Maji ya tangi yanatosha. Asali, maziwa ya mama na mitishamba havifai. Baada ya hapo ndipo aende hospitali, kwa maana chokaa huendelea kulila jicho hata maumivu yakipungua, na mtu huweza kupofuka.

Chembe ya chuma kutoka kwenye grinda au msumari uliogongwa vibaya ni jambo lingine. Ikiwa imepenya ndani ya jicho, usilisugue, usilikandamize na usimruhusu jirani mwenye sifa ya kutoa vitu machoni kwa ncha ya kiberiti. Lifunike jicho kwa kikombe cha plastiki safi kilichobandikwa bila ya kuligusa, uende kwa mtaalamu wa macho. Miwani ya kinga huuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi kwa bei ambayo haifiki hata nusu ya nauli ya kwenda hospitalini. Naye aliyesimama akitazama fundi akichomelea lango asishangae akiamka usiku macho yakimwaka kama yametiwa mchanga. Mwanga ule huunguza jicho na maumivu huja saa kadhaa baadaye.

Shimo humeza zaidi ya mmoja

Ikiwa msomaji atakumbuka sehemu moja tu ya makala haya, naomba iwe hii. Kila mara husikika habari zilezile kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Simu imeanguka chooni, au pampu ya kisima imekwama, au shimo la zamani linapanuliwa. Mtu mmoja anashuka. Hazungumzi tena. Kaka yake anashuka kumwokoa, naye ananyamaza. Jirani anajifunga kamba kiunoni na kuwafuata. Jioni matanga huwa ya watu watatu.

Kinachowaua si maji wala mapepo. Uchafu unapooza chooni hutoa gesi, miongoni mwake ile inayonuka kama yai viza, ambayo wataalamu huiita haidrojeni salfaidi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia chini ya shimo. Inapokuwa kidogo unaisikia harufu. Inapokuwa nyingi huiua hisia ya pua, na mtu hudhani kwamba hewa imekuwa safi. Ikizidi, pumzi chache zatosha kumwangusha. Katika visima vikavu na mashimo yaliyofunikwa kwa muda mrefu tatizo huwa ni kupungua kwa oksijeni. Hewa ya kawaida ina takriban asilimia 21 ya oksijeni. Inaposhuka sana, mara nyingi mwili hautoi onyo lolote. Mtu huona miguu imelegea, kisha haoni tena kitu.

Wako wanaoteremsha mshumaa au taa ili kupima. Mwali ukizimika, ni kweli kwamba oksijeni ni haba. Lakini mwali unaoendelea kuwaka si ushahidi wa usalama, kwa sababu hautambui gesi ya yai viza, na katika shimo lenye methani unaweza kuleta mlipuko. Kosa jingine ni kuteremsha pampu ya petroli kisimani ili kukausha maji na kisha mtu kushuka. Injini hujaza kisima kwa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ileile inayoua watu wanaolala na jiko la makaa chumbani.

Kwa hiyo kanuni ni fupi. Usishuke. Hakuna simu, ndoo wala pampu yenye thamani ya kushukiwa. Choo kilichojaa kinyonywe na gari la maji taka, au kifunikwe na kuchimbwa kingine. Kisima kikarabatiwe na wachimbaji wenye kifaa cha kupimia gesi, mashine ya kupuliza hewa chini, na mtambo wa juu wa kumvuta mtu aliyevalishwa mkanda wa mwili mzima. Fundi asiye na vitu hivyo, hata akiwa na uzoefu wa miaka mingi, usimlipe ashuke katika shimo lako. Maisha yake pia yako mikononi mwako.

Na ikiwa mtu amekwisha kuanguka? Wazuie wengine, hata kwa nguvu. Mtupieni kamba ikiwa bado anajibu. Pigeni 999 au 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu, na mwiteni chifu na kikosi cha zima moto cha kaunti. Ni uchungu kusimama juu ukimsikia ndugu yako akikoroma chini, lakini anayeshuka bila hewa haongezi mwokozi, anaongeza maiti. Kumbukeni pia kwamba Desemba hufuata mvua za vuli, na kuta za mashimo zilizolowa huporomoka. Shimo lililoachwa lijazwe udongo siku hiyo hiyo, lisije likamsubiri mtoto.

Vumbi la miaka mingi

Nyumba nzee huwa na vumbi lake. Ikiwa paa ni la yale mabamba ya kijivu yenye mawimbi yaliyokuwa yakitengenezwa kwa asbestosi, usiyakate, usiyavunje na usiyasugue kuondoa ukungu. Kenya ilipiga marufuku paa hizo mwaka 2006, lakini nyingine bado ziko juu ya nyumba. Nyuzi zake ni ndogo zisizoonekana kwa macho. Hukaa mapafuni na huweza kuleta saratani miaka 20 hadi 40 baadaye, wakati mtu hakumbuki tena aliwahi kushika msumeno. Kuziondoa ni kazi ya wenye kibali cha NEMA, na vipande vyake havifai kutengenezea njia ya uani wala banda la kuku.

Rangi ya zamani inayobanduka nayo huenda ina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Usiipige msasa ikiwa kavu. Ilowanishe, waondoe watoto na wajawazito, kusanya mabaki na uoshe mikono kabla ya kula. Darini kwenye mavi ya popo, nyunyiza maji kwanza kabla ya kufagia na uvae barakoa, kwa sababu ukungu unaoota katika mavi hayo huweza kuleta ugonjwa wa mapafu unaofanana na kifua kikuu.

Nyoka na dawa ya mchwa

Rundo la mawe, mbao na mabati chakavu nyuma ya jikoni ni nyumba ya nyoka. Usitie mkono usipopaona. Pindua kila kitu kwa mti mrefu, ukiwa umevaa gambuti. Swila akikutemea sumu machoni, osha kwa maji mengi mara moja. Aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete na saa, kiungo kilichoumwa kifungwe kigingi kisitikisike, na apelekwe hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka. Kuchanja kwa wembe, kunyonya, kufunga kamba kwa nguvu na kubandika jiwe jeusi hupoteza muda na kuongeza madhara.

Dawa ya kuzuia mchwa kwenye nguzo na mbao ni sumu kwa binadamu vilevile. Ibaki katika chombo chake. Ikimiminwa katika chupa ya soda, mtoto wa dada yako aliyekuja kwa Krismasi ataiona kuwa ni soda. Aliyekunywa asitapishwe wala asijazwe maziwa. Apelekwe hospitali pamoja na chombo chenyewe, ili daktari asome jina la dawa. Mate mengi, jasho, kupumua kwa shida na mboni zilizosinyaa ni dalili za hatari.

Cha kubeba pamoja na misumari

Katika kikapu cha vifaa vya ujenzi tia pia sabuni, bandeji pana, vitambaa safi vilivyofungwa, plasta, glavu, miwani ya kinga, tochi na dawa ya kawaida ya maumivu. Mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari abebe dawa za kutosha siku zote za likizo, wala asizikatize kwa sababu ya kazi. Hakikisha kwamba umejisajili na mamlaka ya bima ya afya, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kwamba michango yako imelipwa. Kabla ya kugonga msumari wa kwanza, uliza mambo mawili: hospitali ya karibu inayofanya upasuaji iko wapi, na ni nani kijijini mwenye gari ambaye hupokea simu usiku.

Kisha keti na wazazi mwandike kazi zote zinazohitajika. Kupaka rangi, kutengeneza ua, kubadilisha bawaba, kuziba ufa ukutani na kupigilia rafu ni kazi zako. Zifanye kwa furaha na bila pupa. Paa refu, nyaya za umeme, asbestosi, miti mikubwa iliyoegemea nyumba, na shimo lolote lenye kina kupita kimo chako, hizo uziandike upande wa pili na mbele yake uandike bei ya fundi. Pesa zikipungukiwa mwaka huu, paa livuje mwaka mmoja zaidi na mama aweke ndoo chini yake. Ndoo hiyo atakuvumilia kwayo. Kukuzika hawezi kuvumilia.